Fundi Saa na Mahali pa Kusimama

Jirani yangu, fundi saa, hana shida na mashindano ya mashua. Shida yake ni mahali pa kuyatazamia. Wiki nzima kabla ya siku ya mashindano huzunguka ufukweni na kigoda changu, alichokichukua bila kuniomba. Hukaa, hufumba jicho moja kama anayechungulia ndani ya saa, hulamba kidole na kukiinua juu, kisha hutikisa kichwa. "Si hapa," husema, kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya. Vidole vyake vyembamba huchora alama ya chaki kwenye jiwe, huifuta, huichora tena.

Mwaka huu binti yangu alikuwa kwenye mojawapo ya mashua hizo, nami nilitaka kumpungia mkono tu. Nilisimama kwenye ngazi za soko la samaki, nikamwona kabisa, kofia yake nyekundu. "Dada, hapo utaona migongo yao tu," fundi akasema. Akanihamishia ukutani. Pale nguzo ya taa ikawa inamkatia bahari vipande viwili, akaniambia twende kilimani. Mtaa mzima wanamwita Profesa. Mimi ambaye sikusoma ningembishia nini? Nikafuata, kigoda kichwani. Tulikuwa nyuma ya maghala mzinga wa kuanzia ulipolia. Hakushtuka, aliongeza mwendo tu. Kule juu akalamba kidole, akachora chaki, akatabasamu kama bwana harusi. Mashua zilikuwa zimeshapita; bahari ilikuwa tupu.

"Unaona, dada?" akasema. "Hapa hakuna kitu hata kimoja cha kukuziba."