Jiwe Jekundu la Mtaa wa Soko

Bafta mpya ina harufu ya uji uliokauka. Nikipita mtaa wa soko la zamani hapa Sumbawanga nikaisikia, moyo hunienda mbio hadi leo, mtu mzima mimi mwenye wajukuu.

Zamani mtaa ule ulikuwa na maduka pande zote mbili, na mafundi cherehani wakipiga soga barazani. Halafu, miaka ya Ujamaa, maduka yakafungwa moja baada ya jingine, likabaki la ushirika tu. Bidhaa zikija, foleni ilianza alfajiri, na kwa baridi ile ya Ufipa nani angesimama? Kila mtu aliweka jiwe lake kwenye mstari, akaenda zake kuota jua. Jiwe lako ndilo wewe. Hakuna aliyegusa la mwenzake.

Mimi niligusa. Jumapili ilikuwa Komunio yangu ya Kwanza, na Mama alishasema bila gauni jeupe nitangoja mwaka mwingine. Jora la bafta lilikuwa moja tu. Mbele yangu palikuwa na jiwe jekundu la babu mmoja aliyekuja kwa miguu kutoka huko njia ya Matai, naye amesinzia barazani. Nikalisogeza nyuma, langu likakaa mbele. Basi!

Duka likafunguliwa. Nilipokwisha kupimiwa, muuzaji akapiga meza. "Limekwisha!"

Babu akayatazama mawe, kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hiyo ya nini, mjukuu wangu?"

"Gauni la Komunio."

"Haya. Ukifika mbele ya altare, umwombee kaka yangu."

Nilikimbia nyumbani kwa furaha, jamani, furaha! Jumapili nilipendeza kwelikweli, na huyo kaka nikamsahau kabisa.

Miaka ikapita, Baba akafariki, foleni bado zipo. Nikatumwa mimi kutafuta bafta ya sanda. Niliweka jiwe langu, nikakaa barazani palepale alipokaa yule babu, macho mazito kwa kukesha msibani. Ndipo nikaelewa kwa nini mzee yule alisinzia asubuhi ile, na alikuwa amefuata nini. Nililia sana. Watu wakadhani namlilia Baba peke yake.

Sanda ya Baba niliipata. Yule kaka mtu, sijui walimzika na nini.