Ngitili Yangu

Wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia Bariadi, majirani zangu wote walifyeka ngitili zao, yale malisho tunayoyafunga masika ili ng'ombe wapate nyasi kiangazi, wakapanda pamba. Mimi nilikataa. Kila mkutano wa kijiji nilisimama nikasema ardhi haina mwenyewe, wala haiuzwi. Walinicheka.

Mwaka wa ukame jirani yangu alikuja na ng'ombe waliobaki mifupa mitupu. Nilimzuia mpakani, fimbo mkononi.

"Ngosha," aliniambia taratibu, "si wewe uliyesema ardhi haina mwenyewe?"

Nilimjibu akawalishe pamba yake. Akawageuza ng'ombe wake, akaondoka.

Nyasi zangu bado zimestawi. Siku hizi nikisimama mkutanoni, hakuna hata anayecheka.