Ungo Kifuani

Kila nikitia siki kwenye kachumbari, miguu yangu haitulii. Ndiyo harufu ya dawa za kile chumba cha giza pale Mwanga, jirani na Ujiji, tulikofundishwa kupiga na kusafisha picha, sisi watoto wakimbizi tuliokuwa tukilelewa kwenye nyumba za watu.

Mwalimu alinipa kamera, akaniambia nikapige picha ya nyumbani. Nyumbani! Nilizunguka Ujiji mchana kutwa, nisijue pa kuliweka neno hilo. Nilielekeza kamera kwenye milima ya ng'ambo ya ziwa, nikaishusha. Nikaielekeza kwenye dagaa walioanikwa mchangani, nikaishusha tena. Mimi picha niliyoijua ni moja tu, ile niliyopigwa kambini nimeshika kibao cha namba kifuani, ikabandikwa ukutani ili ndugu zangu, kama wapo hai, wanione. Mama aliyenilea aliiona siku aliyokuja kunichukua.

Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama. Nataka nikupige picha."

Aliitazama kamera. Kisha akamwaga mchele kwenye beseni, akajifunga kanga vizuri, akasimama wima ukutani. Ule ungo mtupu akaushika kifuani kwa mikono miwili. Hakutabasamu.

"Mama, si lazima ushike kitu."

"Nipige hivihivi," alisema. "Siku wenyewe wakija kukuchukua, nenda nayo. Na mimi nataka nitafutwe."