Springi Iliyochoshwa na Vitoto vya Mbuzi

Springi ilikatika mchana wa jua kali, nikiwa juu ya ngazi nafunga waya wa ua, na mlio wake ulinishusha kabla sijaamua kushuka. Nilidhani ni bunduki. Mama aliyenipa kazi ile ya ua alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama barabara ya Namanga huku na huku, kisha akanitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Si mimi, mama. Imetoka gereji."

Nyumba ile ya Kisaju alijengewa na mwanawe, anayefanya kazi Nairobi. Ilikuwa na vigae sebuleni, viti vya kuzamia, na gereji yenye mlango mpana wa chuma unaopanda wenyewe ukibonyeza rimoti. Gari halikuwepo. Mama hakuwa na gari na hakulitaka. Ndani ya gereji alifungia vitoto vya mbuzi ambavyo havijaweza kwenda malishoni. Mama zao hutoka asubuhi na mchungaji na kurudi jioni matiti yamejaa, ndipo vinyonye tena, na mwenyewe akamue kilichobaki. Rimoti aliivaa shingoni pamoja na shanga zake.

Niliingia gereji kwa mlango wa jikoni. Juu ya lile lango, kwa ndani, palikuwa na bomba refu la chuma, na springi mbili nene zimelivaa kama soksi. Moja ilikuwa imekatika, na pengo lake lilitosha kupitisha ngumi. Vitoto vyote vilikuwa vimejibana pembeni, kimya kabisa. Mama alibonyeza rimoti. Mota ikaguna, mlango ukainuka kidogo upande mmoja, ukarudi chini kwa kishindo.

"Wacha, mama, utaua na mota."

"Na watatokea wapi?"

Walitokea sebuleni. Jioni mbuzi waliporudi na kuanza kuita huko nje, tulivipitisha vile vitoto jikoni, tukavizungusha kwenye meza ya chakula, tukavisukuma kati ya viti hadi mlango wa mbele. Kimoja kilikojoa kando ya televisheni. Katikati ya vurugu hiyo simu ya mama ikalia. Mwanawe humpigia kila jioni, akimwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, naye hupokea kwa sauti kubwa ya kusikika na wote.

"Yeyo, hizo mbuzi nasikia ziko wapi?"

"Ziko njiani."

"Njia gani?"

"Ya sebule."

Kijana alijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio uliotisha.

"Jumamosi nakuja na pikapu. Zote ziende Illasit kwa baba mdogo, kubwa na ndogo. Hiyo ni gereji, Yeyo, si boma. Umefanya kazi ya kutosha. Pumzika."

Mama aliiweka simu kifudifudi juu ya kiti. Hakuniangalia alipouliza, "Zikienda Illasit, mimi nitaamkia nini? Hiyo televisheni?"

Ua niliumaliza kesho yake. Kwa kawaida ningekuwa nimeshaondoka. Shule niliiacha mapema kwa sababu mwalimu alitaka nikae kwa somo moja mwaka mzima, na tangu hapo sijakaa. Nimepaka rangi mageti Laiser Hill, nimevuna nyanya huko huko Illasit, nimechimba mitaro ya maji sijui wapi na wapi. Kitu nikishajua kinavyofanya kazi, kinaniachilia. Lakini springi ile sikuijua. Nilizunguka gereji nikiinua shingo, nikakaa, nikainuka, mama akiniambia chai inapoa. Mwishowe nikamwambia naenda Kitengela kutafuta fundi.

Mchomelea vyuma wa kwanza barabarani alinielewa kabla sijamaliza. "Lete hiyo springi niichomelee. Itakaa kuliko mpya."

Karibu nikubali, maana Kitengela hakuna chuma kisichochomelewa. Lakini nilitaka kuuliza mwingine. Nilimpata fundi wa milango ya gereji kwenye ploti moja, yuko juu ya ngazi, nikamwuliza kutoka chini kuhusu kuchomelea.

"Unaweza," alisema. "Lakini andika wosia kwanza. Pale moto ulipopita, chuma kinasahau kwamba ni springi. Ukiikaza, inakatika tena, na safari hii wewe uko karibu."

Alikuja Ijumaa na springi mbili begani. Nilimwuliza kwa nini mbili na iliyokatika ni moja.

"Ni mapacha hawa. Zimefanya kazi pamoja. Moja ikifa, nyingine iko njiani."

Kwanza alichomoa waya wa mota kwenye umeme. Halafu akabana mlango kwenye reli kwa koleo la kujifunga, usije ukaruka. Springi iliyobaki nzima ndiyo aliyoiogopa, si ile iliyokatika. Iliyokatika ilikuwa imeshamaliza hasira yake. Alitumia fito mbili za chuma zilizoenea sawasawa kwenye matundu ya kichwa cha springi: anatia moja, anashikilia, anatia ya pili, anatoa ya kwanza, akiilegeza taratibu, mwili wake pembeni, uso mbali. Nilinyoosha mkono.

"Unataka kushika ama unataka kujua?"

"Vyote viwili."

"Anza na kujua. Bado uko na vidole kumi."

Alipofunga zile mpya alichora mstari wa chaki kutoka mwanzo wa springi hadi mwisho, na alipozikaza ule mstari ukajizungusha kama nyoka, ukionyesha mizunguko aliyotia. Nilimwuliza kila kitu. Kwa nini moja imesokotwa kulia na nyingine kushoto? Waya wa pembeni unavutwa na nini? Alimgeukia mama: "Huyu ulimtoa wapi? Ameniuliza maswali kuliko bibi yangu."

Kisha alivuta ile kamba inayoachanisha mlango na mota, akauinua kwa mkono mmoja hadi kiunoni, akauachilia. Mlango ulibaki pale pale hewani. Alisema ndivyo mlango mzuri unavyopimwa: ukishuka, springi imelegea, ukipanda, imekazwa mno. Niliujaribu mimi pia. Niliujaribu mpaka akaniambia niache.

"Sasa mama," alisema akifuta mikono, "hii mlango unafunguanga mara ngapi kwa siku?"

"Si nyingi."

"Kama?"

Mama alianza kuhesabu kwa vidole. Alfajiri kutoa watoto wanyonye. Kurudisha. Jua likitoka, kuwatoa waliote kidogo. Kurudisha. Kuingiza nyasi. Kuangalia yule mgonjwa. Kutoa samadi. Jioni tena. "Na jirani akija anataka kuona ikipanda."

Fundi aliketi juu ya ndoo. "Mama, hii ni mlango ama ni kope za macho?"

Mama alicheka, lakini fundi hakucheka. "Mwenye gari anatoka asubuhi, anarudi jioni, basi. Springi haichoki na miaka, inachoka na kufunguliwa. Hizi nimeweka, ukienda hivyo, utazimaliza tu kama zile."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Mlango ukifunguliwa mara chache, vitoto vitarudi sebuleni. Ukifunguliwa kama zamani, utakatika tena, na mwanawe atakuwa amepata sababu. Mama aliliona hilo upesi kuliko mimi. Alitoka nje, akazunguka hadi ukuta wa pembeni wa gereji, unaotazama boma, akasimama hapo. Tulimfuata.

"Nyumba ya mama yangu ilikuwa na olale," alisema. "Mahali pa watoto wa mbuzi na ndama, ndani, karibu na kitanda. Mlango wake ni wa kuinama tu."

"Nani alijenga?" fundi aliuliza.

"Mama. Wanawake ndio wanajenga. Yangu nilijenga mimi, miti, udongo, mavi ya ng'ombe. Ni hii tu nilijengewa." Aliweka kiganja ukutani. "Hapa ndani kuna nini?"

Fundi aligongagonga. "Mawe tu. Nguzo iko kule kona. Stima imepita upande mwingine. Lakini mama, si upigie kijana simu kwanza?"

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba mwanamke anajenga?"

Alichukua nyundo yangu na patasi. Pigo la kwanza halikutoa kitu. La pili lilitoa plasta. Fundi alitazama pembeni akasema yeye hajaona chochote, halafu akamnyang'anya patasi kwa heshima akamwonyesha pa kuanzia ili jiwe la juu lisishuke. Tulitoboa hadi jioni. Fundi aliweka vyuma viwili vya kubeba mawe ya juu, nami nikatengeneza kilango cha bati kwa mabaki ya kazi ya ua, kimo cha goti.

Mwanawe alifika Jumamosi jioni, pikapu ikimfuata nyuma. Alibonyeza rimoti yake, lango likapanda bila kelele, akaridhika kidogo. Kisha akaona mwanga ukipenya ukutani, kandokando ya kilango. Aliniuliza mimi, kwa sababu ndimi niliyekuwa na vumbi.

"Nani ametoboa huu ukuta?"

"Mwenye nyumba," mama alisema kutoka nyuma yake.

"Mwenye nyumba ni..." Kijana alikomea hapo.

"Malizia."

Dereva wa pikapu alitoa kichwa dirishani akauliza wanapakia ama hawapakii. Sauti yake ilimezwa na mbuzi, waliokuwa wameshaanza kushuka kutoka malishoni, wakiita. Mama alishusha lango kwa rimoti, akazunguka upande wa boma, mwanawe akimfuata, akafungua kilango. Vitoto vilitoka kimoja kimoja, vikiinama bila sababu, kila kimoja kikikimbilia matiti ya mama yake. Mbuzi mmoja mweusi alimkataa wake, akampiga teke.

"Shika huyo pembe," mama alimwambia mwanawe.

"Yeyo, niko na viatu vya—"

"Pembe, si viatu."

Alimshika. Alimbana kati ya miguu yake kama mtu ambaye amewahi kufanya hivyo mara nyingi zamani, na mama akachuchumaa akamweka mtoto kwenye titi. Wote wawili wakasikiliza kunyonya.

"Bosi," dereva aliita, "tunapakia?"

"Nenda tu," kijana alisema bila kuinua kichwa.

Nilichukua nyundo yangu, nikamwuliza dereva anaelekea wapi. Alisema Kajiado. Nikapanda mbele, na kabla hatujafika lami nilikuwa nimeshamwuliza kwa nini gia yake ya tatu inalia vile.