Dagaa kwenye Kiwanja cha Netiboli

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "kubana matumizi," mikono inaniwasha. Najua ni maneno ya kawaida, hata mimi nayatumia nyumbani sukari inapokaribia kuisha. Lakini mara ya kwanza kuyasikia yakitamkwa kwa mbwembwe ilikuwa kwenye bwalo la chuo chetu cha ualimu, pale mlimani juu ya Kirumba, kando ya ziwa, miaka ya tisini. Aliyeyatamka ni mkuu wa chuo, na waliobanwa ni sisi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Chuo kilikuwa na hali mbaya. Serikali ilikuwa imejitoa katika mambo mengi, wazazi wakaambiwa wachangie, na kuna majuma tulikula maharage yenye wadudu mpaka tukazoea kuwapuliza pembeni ya sahani na kuendelea na mazungumzo. Hilo nalikubali. Ninalolikataa ni akili iliyotumika kuamua nani aumie. Timu ya mpira wa miguu ya wanaume, ambayo haikuwahi kuvuka raundi ya kwanza popote, ilibaki, kwa sababu hiyo, alisema mkuu, ndiyo sura ya chuo. Timu yetu ya netiboli, iliyokuwa imefika fainali ya vyuo vya kanda, ikafutwa. Kiwanja chetu kingekodishwa kwa tajiri mmoja wa samaki apaki malori yake.

"Netiboli ni mchezo wa kupitisha muda," alituambia. "Ninyi mmekuja hapa kusomea ualimu."

Na wale wanaume walikuja kusomea nini, ubaharia? Sikuuliza. Nilibana midomo kama wenzangu.

Nilikuwa mlinzi wa goli. Baba na mama walikuwa wakulima wa pamba kule Magu, na mimi nilikuwa binti mrefu kupita kiasi, niliyechekwa tangu darasa la pili kwamba nitaolewa na mnazi. Pale kiwanjani tu ndipo urefu wangu ulikuwa na kazi. Nikiinua mikono, mfungaji wa timu pinzani anaanza kutafuta mahali pa kupitishia mpira na hapaoni. Ukinifutia timu, unanirudisha kuwa kichekesho. Mkuu hakulijua hilo, na hata angelijua, lisingemgusa.

Zile zilikuwa enzi za sangara. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa kama uyoga. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, tunayakaanga na kushukuru. Sasa walitaka na kiwanja. Kesho yake tu wafanyakazi waling'oa nguzo zetu mbili za magoli, wakazisimika upande wa barabara ziwe nguzo za geti la malori. Nilizipita kila asubuhi nikienda darasani, na kila asubuhi nilitamani kumtukana mtu.

Tulikuwa na mashabiki ambao mkuu hakuwahesabu kuwa watu. Kila Jumamosi wanawake wa soko la Mwaloni, wale wanaonunua dagaa kwenye mitumbwi na kuwaanika, walipanda mlima kuja kututazama, beseni kichwani, mtoto mgongoni. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa Kikerewe, mnene, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Tulimwita Kocha, kwa kuwa alitufokea kuliko kocha wetu halisi. Ukicheza vizuri aliingia uwanjani mchezo ukiendelea, akakufunga khanga yake mabegani kukutunza, kama wanavyotunzwa wacheza ngoma, na mwamuzi alisubiri amalize.

Basi mimi na nahodha tukashuka Mwaloni kumwambia Jumamosi asijisumbue. Tulimkuta ameinama, anageuza dagaa kwa fagio la njiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Jumamosi mnamkung'uta nani?"

Nahodha akaanza kueleza, akashindwa, akalia. Nikamalizia mimi. Kocha hakutupa pole. Aliuliza jambo moja tu.

"Hicho kiwanja kinapata jua?"

"Kutwa nzima, mama."

"Haya. Rudini mkasome."

Tulipanda mlima tukinung'unika. Tulidhani hata yeye ametutupa.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mtu wa huku haelezwi. Dagaa aliyeanikwa hakanyagwi. Mwenye baiskeli anashuka na kuikokota pembeni, mchunga ng'ombe anazungusha kundi lote, hata mlevi anayepepesuka hukusanya akili zake akapita kando. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Chakula kikiwa juani kina mwenyewe, hata kama mwenyewe hayupo, na atakayekikanyaga amewakanyaga wote watakaokila.

Jumatatu asubuhi tulitoka bwenini tukakuta kiwanja kizima kinang'aa. Walikuwa wametandaza nyavu kuukuu kutoka mstari hadi mstari, na juu yake dagaa, wametapakaa vizuri, hakuna hata pa kuweka unyayo. Wanawake wamekaa pembeni wamenyoosha miguu, wanachambua mchele na kuongea mambo yao. Korongo wenye vipara walikuwa wameshajipanga juu ya paa la ofisi ya mkuu, wanasubiri bahati.

Lori la kwanza likaja. Dereva, Msukuma wa makamo, akashuka, akavua kofia, akamwamkia Kocha kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba," akaitikia Kocha.

"Nimeambiwa nipaki hapa."

"Paki tu, baba. Kama unaona pa kupaki."

Dereva akaangalia dagaa, akacheka, akarudi kuegemea lori lake. Ndipo mkuu akatoka ofisini, suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alikuwa na umri wa kuzaliwa na Kocha. Na alikuwa mtu wa ziwani hukuhuku, asiseme alikuwa mgeni. Akamsimamia mama yule kichwani, akamnyooshea kidole.

"Nani amewaruhusu? Toeni uchafu huu!"

Hata shikamoo hakuna. Kocha akamtazama kwa upole, akaitikia kwa sauti iliyofika mpaka jikoni.

"Marahaba, baba. Marahaba sana."

Kiwanja kizima kilipasuka kwa kicheko, sisi tukiwa tumejazana madirishani. Mkuu akawageukia wengine. Akamwamuru dereva aingie na lori. Dereva akasema, "Mzee, mimi nina watoto. Sikanyagi chakula cha watu." Akamwamuru mlinzi wa chuo afagie. Mlinzi akaanza kukohoa, akakohoa hadi nyuma ya jengo na hakurudi.

Kisha akafanya kosa ambalo sijui shetani gani alimtuma. Aliingia mwenyewe. Alitembea juu ya dagaa, hatua kwa hatua, na viatu vyake, mpaka katikati ya kiwanja, ili atuonyeshe kwamba si kitu. Kicheko kilikatika. Tulisikia wakivunjika chini ya soli zake. Kocha akasimama, akajifunga khanga kiunoni, na sote tukadhani atampiga. Hakumpiga. Aliwaambia wenzake wakusanye dagaa waliosalia, na waliokanyagwa wawaache palepale walipo. Akashuka mlima, na mimi nikalia dirishani kama mtoto, kwa hasira tupu.

Mchana huo mpishi wa chuo alikwenda Mwaloni kununua kitoweo. Kila alipofika, mama mwenye meza alifunika beseni lake kwa khanga. Hawakumfokea. Walimsalimia, wakamuuliza hali ya watoto, wakafunika. Mke wa mkuu naye akaenda, naye akafunikiwa. Akajaribu soko la Buzuruga, habari zilikuwa zimefika kabla yake. Mji huu, samaki wamejaa mpaka paka wanachagua, mkuu wa chuo akawa anakula maharage yetu yaleyale, na wadudu wake.

Na wanawake hawakukiachia kiwanja. Kila asubuhi walitandaza, kila jioni walikunja nyavu, nasi tukafagia na kufanya mazoezi, pete zetu zikiwa rimu za baiskeli tulizofunga kwenye miti. Baada ya muda tajiri alichoka, akahamishia malori yake Nyegezi. Nguzo zetu ziling'olewa getini zikarudishwa kiwanjani kimyakimya, siku ya Jumapili, tukiwa kanisani. Hakuna aliyetuomba radhi. Timu ikaruhusiwa tena, na mabeseni yakafunuliwa.

Tulikwenda mashindano Tabora kwa treni, daraja la tatu. Chuo kilisema hakina uwezo wa kutulisha, kwa hiyo tulikula dagaa wa Kocha waliokaangwa na karanga, njia nzima. Tukarudi na kikombe.

Sasa sikilizeni uso usivyo na haya. Ikafanyika sherehe, akaja mgeni rasmi, na mkuu akasimama akasema, "Uongozi wangu uliona mbali, ukailea timu hii katika kipindi kigumu." Nilikuwa nimeshika sikio moja la kile kikombe. Namshukuru Mungu kwamba nahodha alishika la pili, la sivyo ningemrushia. Kisha nikatupa macho getini, nikawaona akina Kocha wamezuiwa nje, eti wananuka samaki na kuna wageni.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilivuta kikombe, nahodha akaja nacho, timu nzima ikatufuata katikati ya hotuba, tukatoka mpaka getini tukamkabidhi Kocha. Akakipakata kama mjukuu. Mgeni rasmi akainuka kuja kuona kuna nini, na mkuu ikabidi amfuate mbio.

Mkuu alipofika, akaona anatazamwa, akatabasamu, akainama kwa adabu zote za duniani.

"Shikamoo mama."

Kocha hakuinua macho kutoka kwenye kikombe.

"Hiyo nilishaiitikia, baba. Siku ile kiwanjani."

Mgeni rasmi akauliza ni siku ipi hiyo. Mkuu alikuwa anaangalia viatu vyake.