Aliyeitika Badala Yangu

Asiyetaka kuamini na asiamini, mimi sikuja hapa kubembeleza mtu. Nimeshaambiwa nimechanganyikiwa kwa msiba, nimeambiwa natafuta kisingizio, na aliyesema hayo ni dadangu wa tumbo moja. Lakini mimi nilikuwepo, yeye hakuwepo. Wallahi yalinikuta nikiwa macho, na akili zangu timamu, sina homa wala usingizi.

Mamangu alikuja kututembelea kutoka Mombasa. Akafikia kwangu Richfield, huku Minnesota, ghorofa ya tatu, ndege za uwanjani zikipita juu ya paa mpaka vikombe vinatetemeka. Mimi nauza mabaibui na madira dukani, natoka asubuhi narudi jioni. Dadangu Zuhura anakaa Brooklyn Park, upande wa pili wa jiji, na kila akipiga simu ni yale yale: mama asitoke, kuna baridi, mama asipande ngazi, ana presha. Mtu mzima aliyezoea kukaa barazani na kusalimiana na mtaa mzima akawa anasalimiana na televisheni. Siku zake za kurudi zilipokaribia nikasema hapana, hataondoka nchi hii akiwa ameona kapeti langu tu.

Nikampeleka Iowa. Kuna mji kule kando ya Mississippi, mto huu huu wetu, mwendo wa saa tano kwa gari, wenye kitreni cha kupanda mlima kilichokuwepo tangu enzi za babu zao. Mlima wenyewe, tusidanganyane, kwetu ungeitwa kilima. Lakini umesimama wima kama ukuta, na vibehewa viwili vya mbao vimefungwa kwa kamba moja ya chuma: kimoja kikipanda, kingine kinashuka, na katikati ya njia vinapishana. Mama alipoviona akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje.

"Kumbe ni ndoo za kisima," akasema. "Mzungu naye ana mambo!"

Tulipanda salama. Juu pana kibaraza cha kutazamia, unaona mto, madaraja na majimbo matatu kwa mpigo mmoja. Mama akakaa kwenye benchi, akala halua niliyomchukulia, akaniambia akifika nyumbani atawasimulia mashoga zake mpaka wamchoke. Akaniambia pia kwamba kitu pekee alichokuwa akikiogopa ni kufia ugenini. "Nirudisheni kwetu, nikazikwe na wazee wangu." Nikamjibu kwa mzaha kwamba yeye ndiye atakayetuzika sisi. Astaghfirullah, mdomo nao.

Jua lilipoanza kuzama akanihimiza tushuke. Mliokulia pwani mnajua, magharibi si saa ya kuzurura, hata watoto huitwa ndani. Tukaingia kibehewa cha kushuka, sisi wawili tu. Mama akatia mdomoni tonge la mwisho la halua. Kengele ikalia, tukaanza kuteremka.

Kile cha kupanda kilikuwa kinakuja, nasi tumekielekea, kwa hiyo nilikiona vizuri. Kilikuwa kitupu. Niaminini, niliangalia. Tulipofika pale vinapopishana, dirisha kwa dirisha, nikasikia naitwa.

Naitwa kwa jina langu la utotoni, ambalo Marekani nzima, ukimtoa mama, analijua Zuhura peke yake. Na sauti ilikuwa ya mamangu. Sisemi ilifanana na yake. Ilikuwa yake, na namna yake ya kuvuta mwisho wa jina, kama alivyokuwa akiniita yeye yuko uani na mimi niko jikoni. Nikageuka. Mama amekaa ubavuni mwangu, mdomo umejaa halua. Nikatazama kule kwenye kibehewa kitupu. Mwanamke amekaa, kajitanda leso ile ile aliyojitanda mama, kanipa mgongo, na kichwa kimeanza kugeuka polepole.

Sasa niambieni, mtoto aliyelelewa akaleleka hufanya nini akiitwa na mamake? Kwetu msichana hasemi "eeh" wala "nini". Anaitika "Abee!" kabla hajajua anaitiwa nini, na akichelewa ana lake. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Na huko huko kwetu tulifundishwa kwamba ukiitwa magharibi na usiyemwona uso, usiitike, maana aitikaye amekubali kwenda. Hili la pili lilikuwa limenitoka kabisa. Miaka yote hii Minnesota, nani wa kukuita magharibi? Hapa hata majirani hawaitani.

Mama akaniziba mdomo kwa kiganja, kiganja kinanata sukari. Akatema halua, akainuka, akaitika yeye, kwa sauti nyembamba ya msichana:

"Abee!"

Mamangu! Mtu ambaye hakuwa akimwitikia hivyo yeyote aliye hai, kwa kuwa wakubwa wake wote walishakufa.

Nilipotazama tena, kile kibehewa kilikuwa kimetupita, hakina mtu.

"Mama, nani yule?"

"Alikutaka wewe," akasema, akijifuta mkono kwa leso. "Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Na dadako usimwambie."

Njia nzima ya kurudi hakunena nami tena. Ila mara moja moja, akiwa ameelekea dirishani, nilimsikia akiitika peke yake, polepole.

Asubuhi hakuweza kusimama. Madaktari walikuwa watu wema, wakapima kila kinachopimika, wakasema ni uzee. Siku ya safari ikapita, kiti chake ndegeni akakikalia mwingine. Hakutujua tena, mimi wala Zuhura. Kazi yake ikawa kuitika tu. Akafa theluji ilipoanza. Na maiti kwetu hangojeshwi, tukamzika hapa hapa, katika udongo mgumu, pasipo hata mzee mmoja wa ukoo wake. Jambo moja tu alilotuomba.

Zuhura alinivaa pale pale makaburini, watu wanasikia. "Si nilikwambia asitoke? Ulim-drive masaa matano, for what? Kuona lift? Wewe ndiye umemuua mama." Nikamweleza yote. Akacheka kicheko kibaya, akaingia garini. Tangu hapo salamu zake huzisikia kwa watu, Idi hadi Idi. Kufiwa kuna siku kunapoa. Kuitwa muuaji na ndugu yako hakupoi, na mimi sitamsamehe, nayasema haya waziwazi.

Na mambo hayakuishia hapo. Jioni nikifunga duka, au nikisubiri basi, naitwa. Jina lile lile, sauti ile ile. Sijui ni yule wa kwenye kibehewa, au ni mamangu mwenyewe, peke yake kule kwenye baridi, anamtaka mwanawe. Hilo ndilo linalonitafuna. Kama ni yule, nikiitika nitakuwa nimeitupa roho aliyoitoa mama kwa ajili yangu. Kama ni mama, basi ananiita kila magharibi nami namnyamazia, kama mtoto asiye na malezi.

Basi wewe unayenisikiliza, panda milima yao, tazama mito yao, sikukatazi. Lakini jua likizama ukaitwa na sauti unayoipenda, uume ulimi, uume mpaka utoke damu. Mimi jana niliuuma wangu, nikamsikia akiita tena, akilivuta jina zaidi, kama mtu anayedhani hakusikika.