Tuta la Baruti

Juzi jirani alianika mbegu za mchicha kibarazani, nyeusi, zinang'aa, nami nikazunguka kupitia uani. Mtu mzima mwenye ndevu!

Yote yalianza alasiri moja nikiwa mtoto. Nyumbani kwa babu karibu na Mkuyuni, nguruwe pori walikuwa wanatumalizia mahindi. Babu alianika baruti ya gobore kwenye ungo, inanuka kiberiti. Aliniambia nisipige kelele karibu nayo, nami nikaamini kelele ndiyo huilipua. Pembeni, bibi alianika mbegu za mchicha kwenye ungo wake.

Wingu likatanda mlimani. Kila mmoja akakwapua ungo. Wingu likapita bila kunyesha, bibi akaenda kupanda. Babu akashindilia gobore, akapachika fataki, akalijaribu kwenye mgomba. Fataki ikalia "ta!", basi.

"Mzee, nguruwe watakufa kwa kucheka," bibi alimtania.

Babu akachungulia ungo. "Mama Anna, huu si mchicha? Baruti yangu iko wapi?"

"Mungu wangu! Nimeimwaga kwenye tuta, na maji nimeshamwagilia."

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nililitazama tuta tu, nikiwaomba kwa mikono wanyamaze.

Leo najua baruti iliyolowa ni tope tu. Lakini jioni ile bibi alipita kando ya tuta na ndoo kichwani, akiimba kwa sauti ya kanisani. Nilimrukia, maji yakatumwagikia wote, nikamziba mdomo kwa mikono miwili.

Alipoitoa mikono yangu alikuwa anahema. "Mume wangu," aliniambia, "utaniua wewe kabla ya baruti."